Ubeti wa Sonmati

Saida Mwinjuma aliingia Doha mwezi wa Agosti mwaka 2011, wakati ambao hata mzaliwa wa Tanga hugundua kwamba joto la kwao lilikuwa la kubembelezwa tu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, ameachika, na binti yake Zuhura amemwacha kwao Tanga, mtaa wa Ngamiani, kwa dada yake. Kazi aliyopata ilikuwa ya kufua na kukunja mashuka katika hoteli moja mtaa wa Al Sadd. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na mashine zake zilinguruma tangu alfajiri, watu wakizungumza kwa kupaza sauti kama walio ng'ambo mbili za mto.

Katika kelele hizo, mwanzoni alichosikia ni kelele. Baada ya wiki mbili ndipo aliposikia kuna mtu anaimba.

Mwimbaji alikuwa mpiga pasi, mzee wa miaka hamsini na kitu aitwaye Ramjatan, mwembamba, mwenye masharubu aliyoyapaka hina. Wote walimwita Chacha, yaani baba mdogo kwa lugha za kwao. Alitoka wilaya ya Siwan huko Bihar, mashariki ya India, ambako watu husema Kibhojpuri, na alikuwa Ghuba kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashati ya wageni kwa pasi ya mvuke. Kila alipoiburuta pasi alivuta sauti pamoja nayo, na ilipofika kwenye kola akaikata. Saida alisimama na shuka mkononi. Maneno hakuyaelewa hata moja, lakini ule mwendo wa sauti aliujua. Ilipanda, ikajivuta, ikajikunjakunja kabla ya kutua, vile vile alivyokuwa akifanya mama yake jukwaani.

Marehemu mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu, na Saida tangu ana miaka kumi na miwili alikaa nyuma yake pamoja na waitikiaji. Nusu ya nyimbo walizoimba zilikuwa na sauti zilizookotwa kwenye sinema za Kihindi na kuvalishwa maneno ya Kiswahili. Alipoolewa, mumewe hakutaka mke wa kusimama mbele za watu. Saida akanyamaza. Ndoa ilipovunjika, hakuna aliyemkataza tena, ila naye alikuwa amekwisha kuzoea kukaa kimya.

Kwa Chacha hakujua hata alianza lini. Alijikuta tu anaitikia kwa mguno, mdomo umefungwa, akikunja mashuka. Chacha hakugeuka. Siku ya pili aliimba polepole zaidi.

Walikuwapo pia vijana watatu wa wilaya hizo hizo za Bihar, wanaosukuma mikokoteni ya nguo chafu. Kiongozi wao aliitwa Munna. Simu zao zilijaa nyimbo mpya za Kibhojpuri walizotiliwa kwenye kadi na muuza simu: ngoma za haraka, kinanda cha umeme, mwanamume anaita na mwanamke anajibu kwa sauti nyembamba ya kudeka. Saida alizipenda nazo. Masikio yake yalikuwa mepesi, na Kihindi cha kazini alikuwa ameanza kukiokota, nusu Kiarabu nusu Kiingereza, kama wanavyokiokota wote. Basi siku moja kwenye kantini ya wafanyakazi, akiwa kwenye foleni ya wali, akauimba mmoja wa nyimbo hizo tangu mwanzo mpaka kiitikio, bila kukosea.

Meza ya Wabihari iligeuka kumtazama. Kisha Munna akaficha uso kwenye kwapa lake, na mabega ya wenzake yakaanza kutikisika. Chacha aliweka sahani chini, akawageukia vijana na kuwasema kwa ukali ambao Saida hakuwahi kumwona nao.

Saida alimfuata Chacha mpaka kwenye meza yake ya pasi akitaka kujua yeye ameimba nini. Chacha alikataa. Alisema neno kama hilo mwanamume hamwambii mtu wa umri wa binti yake. Ikabidi Munna aitwe, naye akaeleza huku akitazama viatu: wimbo ni wa mwanamke anayemwita fundi aje amtazamie feni yake imeacha kuzunguka, mume hayupo, na feni yenyewe si feni.

Saida alicheka mpaka akajishika kwenye mkokoteni. Akawaambia kwamba kwao Tanga, usiku wa kumtoa mwali, wanawake wazima huimba mambo ambayo mbele yake feni hiyo ni kaswida, na mama mkwe ndiye anayeongoza. Chacha alimtazama, kisha naye meno yakaonekana. Tangu siku ile walikuwa watu wa kuzungumza.

Ndipo Chacha alipoanza kumweleza habari za nyimbo. Alimwambia kwamba watu wa kwao wamekuwa wakisafiri tangu enzi za babu wa babu zao, zamani kwenda kwenye viwanda vya Kalkata, sasa kwenda Ghuba, na kwamba wanawake wanaobaki ndio waliotunga nyimbo, wakipanda mpunga, wakisaga, wakimwoza mtoto. Watu wa sinema wakazichukua na kuzitia vinanda. Yeye akiwa kijana alipanda baiskeli kilomita kumi na nne kwenda mjini Siwan kutazama filamu za lugha yake, na wimbo ukimkaa alirudi akiuimba njia nzima asije akausahau.

"Nyimbo zetu nzuri zote ni za mke anayemlilia mume aliye mbali," alimwambia. "Sasa huku tuko waume watupu. Kwa hiyo sisi wenyewe tunajililia, kwa sauti za wake zetu."

Saida alimuuliza kama mkewe naye huimba. Chacha alisema Sonmati alikuwa akiimba zamani, shambani, na watu walikuwa wakisimama barabarani kumsikiliza. Siku hizi hajui. Wakipigiana simu wanazungumza bati za paa, nyati wao wa maziwa aliyezaa, harusi ya mtoto. Mama mzazi wa Chacha huwa amekaa pembeni ya Sonmati akisikiliza, na mambo mengine hayasemeki.

Mwaka 2013 ulipokuwa unakwisha, ilitangazwa sherehe ya wafanyakazi wa hoteli. Kila taifa lingeonyesha kitu chake: Wafilipino na dansi zao, Wanepali na ngoma, Wakenya kwaya. Wabihari hawakuwemo. Mwaka uliotangulia vijana walikuwa wamepanda jukwaani na wimbo wa aina ile ya feni, kwa viuno, na mmoja wa wakubwa aliyejua lugha aliondoka na mkewe kabla haujaisha. Fabian, Mganda aliyekuwa msimamizi wao wa kufulia, mtu mpole asiyependa matatizo, aliwaambia wazi kwamba mlango huo umefungwa.

Chacha hakulalamika. Lakini kwa siku tatu hakuimba, na Saida aliona pasi inakwenda bila sauti. Siku ya nne mzee akamwita.

Alisema kuna wimbo mmoja wa filamu ya ujana wake, wa heshima, ambao angependa kuuimba mara moja mbele ya watu kabla hajazeeka. Mume yuko stesheni anaondoka, anamwahidi mke wake vitu atakavyomletea, na mke anamjibu. Unaimbwa na watu wawili. Hoteli nzima hakuna mwanamke wa Kibhojpuri.

Saida alimwambia atafikiri. Aliporudi Al Wukair, kwenye jengo walikolala wafanyakazi wa kike, alimweleza Kerubo, Mkisii wa idara ya usafi wa vyumba aliyelala kitanda cha juu yake. Alisema anaogopa. Hajasimama mbele ya watu miaka kumi, na lugha yenyewe si yake.

"Saida, wacha kujifanya," Kerubo alimjibu. "Kila asubuhi mimi huamshwa na wewe ukiimba bafuni. Kama unaweza imbia maji, si uimbie pia watu?"

Alikubali, ila kwa sharti moja. Hataimba tena neno asilolijua maana.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Wimbo ule Chacha alikuwa nao kwenye kadi ya simu, umenakiliwa kutoka kanda ya zamani, na ulikatika mara tu mwanamke alipoanza kujibu. Sehemu ya mume aliijua yote. Ya mke hakuikumbuka. Alisema wakati ule alikuwa akijisikiliza mwenyewe. Munna alitafuta kwenye mtandao siku mbili akakosa.

"Mkeo anaujua?" Saida aliuliza.

"Anaujua."

"Basi mpigie."

Chacha alisema atampigia kesho. Kesho ikawa ana mashati mengi, na keshokutwa mtandao ni mbaya. Mwishowe Saida alimwendea Fabian, akaomba waruhusiwe kuingia stoo ya mashuka saa ya chai, mlango ukiwa wazi ili asiwepo wa kusema lolote. Stoo ile ilijaa rafu za mashuka na mataulo mpaka darini, na nguo zilimeza kelele yote ya mashine. Palikuwa kimya kama msikitini. Chacha alisimama katikati, akabonyeza namba ya Sonmati, akaweka spika.

Kule Bihar ilikuwa adhuhuri. Sonmati alipopokea, neno la kwanza aliuliza nani amekufa, kwa kuwa haikuwa siku yake ya kupigiwa. Chacha akamweleza kwa kigugumizi habari ya sherehe, ya wimbo, na ya mwanamke wa Afrika aliyesimama hapo karibu naye. Ikasikika sauti ya mlango kufungwa, na nyayo, na ndege. Alikuwa ametoka nje, mbali na mama mkwe.

Alizungumza kwa haraka na Chacha akawa anamtafsiria Saida kwa Kihindi cha kazini, sentensi moja nyuma. Alisema maneno ya mwanamke wa kwenye filamu anayajua, lakini hatayatoa. Yalitungwa na wanaume. Mwanamke yule anaombaomba bangili mpaka wimbo unakwisha. Wao walipokuwa wakipanda mpunga waliuchukua wimbo huo huo na kutia ubeti wao, na kama huyo mgeni anataka, atamfundisha huo.

Akaimba. Sauti ilitoka kwenye simu ndogo ile ikiwa nyembamba na yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa imesimama wima. Saida aliirudia. Sonmati akamkatiza, akaimba tena. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja; Saida alipokosea, yule wa kule aliguna, na alipopatia alisema "haan," yaani ndiyo. Mara moja alimwambia Chacha amwambie mgeni aitoe sauti kifuani, asiipitishe puani. Ndivyo mama yake Saida alivyokuwa akimwambia, na Saida ilimbidi ajifanye anapanga mataulo.

Alipojua kuutamka ubeti wote, alikumbusha sharti lake. Alimuuliza Chacha maana. Mzee alikuwa ameugeukia ukuta wa mashuka.

"Anasema," Chacha alianza, "redio uliyoniletea inazungumza kutwa, haijaniuliza hata siku moja kama nimekula." Akanyoosha kona ya shuka. "Anasema, nyumba uliyonijengea ina vyumba vinne. Nimevizunguka vyote vinne, sijakukuta."

Nyumba ya Chacha ilikuwa na vyumba vinne. Saida alijua, kwa sababu alikwisha kuonyeshwa picha yake mara nyingi. Alitoka stoo taratibu na kuwaachia simu yao. Saa ya chai ilipita, Fabian akachungulia, akaona, akarudi zake kwenye meza.

Kilichobaki ni ruhusa. Kerubo, mwenye mwandiko mzuri, aliyaandika maneno ya wimbo wote kwa Kiingereza, na Saida akayapeleka mwenyewe kwa meneja wa wafanyakazi, mama wa Kilebanoni aitwaye Rima. Meneja alisoma karatasi akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Aliuliza ni nani aliyetunga, na Saida akamwambia ni wanawake wa shambani. Meneja alisema dakika nne, wimbo mmoja, na viuno visitikisike.

Siku ya sherehe Saida alivaa dera la zambarau aliloazimwa na Mwanahawa, mwanamke wa Unguja aliyefanya naye kazi. Munna alipiga dholaki, ile ngoma yao ya nyuso mbili, aliyoiazima kwa fundi rangi mmoja wa kwao. Mwenzake alikuwa na kinanda cha kuvuta upepo. Chacha alivaa shati jeupe ambalo halikuwa na kunyanzi hata kwa dawa.

Alianza yeye. Aliahidi bangili, aliahidi sari, aliahidi redio, na sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Wabihari waliosimama kando ya ukuta, wapishi na watunza bustani, walisogea mbele. Zamu ya Saida ilipofika, aliitoa kifuani. Mstari wa redio ulipita salama. Alisikia mtu akishusha pumzi kwa nguvu, na mwanamume mmoja mwenye kofia ya jikoni akaivua.

Kisha ukaja ule wa nyumba, na maneno yakamtoka kichwani. Yote. Munna alizungusha ngoma mara moja kumsubiri, akazungusha mara ya pili. Saida alimtazama Chacha, naye Chacha alikuwa amefumba macho, hakuona. Basi akafanya alichofundishwa na mama yake, kwamba mwimbaji akipotelewa na neno hasimami; anatia lake. Akafungua kinywa, na likatoka kwa Kiswahili, kwenye sauti ile ile ya Sonmati:

"Nyumba umenijengea, vyumba vinne vya kulala,
nimezunguka nalia, sijakuona mahala."

Chacha alifumbua macho. Upande wa Waafrika, ambako mpaka hapo walikuwa wakisikiliza kwa adabu ya wageni, ukatoka mguno mzito wa watu walioguswa kidonda kimoja kwa wakati mmoja. Mwanahawa aliinuka. Alikuja mbele kwa mwendo wa madaha, mkono juu, akamtunza Saida noti ya riali begani, kama yuko nyumbani. Wanawake wengine wakamfuata, na Kerubo, ambaye kwao hawana desturi hiyo, naye akaja na noti yake akiuliza aiweke wapi. Saida alidhani Wabihari watashangaa. Lakini na wao walikuwa wakija kwa upande wa pili, noti mikononi, kumzawadia Chacha, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo kwao mwimbaji akiwafikisha. Ubeti ukabidi urudiwe mara tatu. Dakika nne zilikuwa zimepita zamani, na meneja hakutazama saa.

Kerubo alikuwa amerekodi kwa simu. Ilitumwa kwa mtoto wa Chacha, naye akamwonyesha mama yake uani, wanawake wa jirani wamemzunguka. Jibu lilikuja siku ya pili. Sonmati alisema yule mwanamke ameimba vizuri, na kwamba maneno aliyoyatia katikati, ingawa hakuyaelewa, yalikuwa mahali pake. Akasema pia kwamba Chacha amekonda sana, na masharubu yale hayamdanganyi mtu.

Haikuwa miujiza. Chacha aliendelea kupiga pasi, na nyati waliendelea kuzungumzwa kwenye simu. Lakini Saida aliona kwamba mazungumzo yao yalikuwa yakirefuka, na kwamba Sonmati siku hizi alitoka nje akiongea. Mwezi wa Juni mwaka 2014 mkataba ulipokwisha, Chacha alimwambia Fabian hatauhuisha. Alirudi Siwan moja kwa moja na kufungua kibanda cha kupiga pasi karibu na stesheni. Wanawe walinung'unika kwamba ameacha riali kwa ajili ya rupia. Sonmati, kwa mujibu wa Munna, alisema mume kushinda nyumbani ni kazi ngumu kuliko alivyotazamia, anataka chai kila saa. Alilisema hilo akicheka.

Saida aliendelea kufanya kazi kule chini, na mwaka uliofuata akawa kiongozi wa zamu. Ijumaa Watanzania walianza kumwita kwenye sherehe zao, harusi na maulidi, mara Doha, mara Umm Salal kwa Mzanzibari mmoja aliyekuwa dereva huko. Wabihari nao walirudishiwa nafasi yao jukwaani, na Munna, aliyekuwa ameanza kutunga nyimbo zake mwenyewe, alimletea Saida kila mmoja auchunguze kwanza kama una feni ndani yake. Zuhura alisikia sauti ya mama yake ikiimba kwa mara ya kwanza maishani, kwenye simu, akawaambia watu wa nyumbani kwamba mama ana redio Uarabuni.

Na Sonmati hakumwacha Saida. Mwanawe alimfundisha kutuma sauti kwa simu, na kila baada ya wiki mbili tatu Saida alipata kipande: wimbo wa kupanda, wa kumuaga mwali, wa kumtania shemeji. Naye alijibu kwa vyake. Hawakusalimiana kwa maneno, maana hayakuwepo. Walituma nyimbo tu, na pale penye kosa, mguno.

Mwaka 2016 Saida alikwenda likizo Tanga, mpwa wake akiolewa. Wanawake walijaa uani, na alipoombwa aimbe alisimama bila kubembelezwa. Aliimba ubeti wa vyumba vinne, sasa akiwa ameuongezea beti nyingine tatu, na Zuhura akikaa nyuma yake na waitikiaji. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyewahi kuimba na marehemu mama yake, alimshika mkono baadaye. Alisema sauti hii haijui, na yeye sauti za taarabu za pwani nzima anazijua. Akauliza ni ya kikundi gani.

"Ya mama mmoja wa Siwan, huko Bihar, anaitwa Sonmati," Saida alimwambia. "Ananifundisha. Hajamaliza."